Saa mbili iliyoninyima mume

Tangu niguse habari za nyota katika safu hii mmekuwa mkinishambulia kwa swali moja tu: "Dada, hivi unajimu wa Kihindi ukoje? Mbona wao wanasema nyota yangu siyo hii ninayoisoma gazetini?"

Haya, leo nalijibu. Ila nawaambia mapema kwamba mambo haya sikuanza kuyajulia vitabuni. Yaliniingia mpaka sebuleni, yakanitolea mchumba mlangoni. Kama uko kwenye daladala shika bomba vizuri, tuanze.

ILIVYOANZA

Nilikuwa na mchumba. Jina lake naliweka kapuni kwa sababu mtakayoiona mwishoni. Alikuwa kaka mpole, fundi umeme, mtu wa Morogoro, asiyejua kupandisha sauti. Mshenga alishapatikana na barua ya posa ilikuwa njiani.

Ofisini nilikuwa na shosti yangu, Mhindi wa Upanga. Tumekula naye chapati za kutosha, siri zangu zote anazo. Siku nilipomwambia habari za barua hakuanza na pongezi. Aliniuliza, "Mmelinganisha kundli?"

Kundli? Mimi nilidhani ni chakula.

Kumbe kundli ni mchoro wa anga jinsi ilivyokuwa dakika ile ulipotoa kilio chako cha kwanza duniani. Katika familia nyingi za Kihindu mtoto akizaliwa huchorewa wake, ukawekwa. Akikua, wazee hawaulizi tu "ana kazi gani, wa ukoo gani." Wanauliza na kundli iko wapi.

Elimu yenyewe inaitwa Jyotisha, neno la Kisanskriti lenye asili ya mwanga. Inahesabiwa kuwa kimojawapo cha viungo sita vya Veda, yale maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, ndiyo maana watu huiita unajimu wa Veda. Hapo mwanzo kazi yake ilikuwa ya kalenda: kujua siku na saa ya kufanya ibada. Haya ya nyota kumi na mbili na kutabiri maisha ya mtu yaliingia baadaye, katika karne za mwanzo baada ya Kristo, Wahindi walipochanganya ya kwao na ya Wagiriki. Katika karne ya sita alitokea bingwa mmoja, Varahamihira, akaandika kitabu ambacho wanajimu wa kule wanakiheshimu mpaka leo. Na fani nzima ya kutabiri wanaiita hora, neno lililotoka kwa Wagiriki, na maana yake ni saa.

Neno hilo la saa lishikilie, litarudi kutuumbua.

NYOTA YAKO SIYO HIYO

Sasa lile swali lenu. Nyota za gazetini mnazijua: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Wengi wetu tulizoea kuzisikia kwa marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011. Wahindi nao wanazo hizo hizo kumi na mbili, wanaziita rashi, kuanzia Mesha ambaye ni Kondoo hadi Mina ambaye ni Samaki. Simba wao anaitwa Simha, kama vile alipitia Mikumi.

Tofauti iko kwenye mahali pa kuanzia kuhesabu. Unajimu wa Kizungu unaanza Kondoo siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana, karibu na tarehe 21. Wahindi wanaanza kwa kuangalia nyota zenyewe angani. Zamani, kiasi cha miaka 1,700 iliyopita, sehemu hizo mbili zilikuwa pamoja. Lakini dunia inayumba kama pia ya mtoto inayokaribia kuanguka, polepole mno. Kwa kila miaka 72 hivi inajisogeza digrii moja. Leo hesabu hizo mbili zimeachana kwa digrii kama 24, na nyota moja ina digrii 30. Kwa hiyo wengi wetu tunarudishwa nyuma nyota moja.

Mfano, umezaliwa Aprili 5. Gazetini wewe ni Kondoo, mbishi wa kwanza mtaani. Kwa Wahindi Jua huingia Kondoo karibu na Aprili 14, kwa hiyo siku hiyo lilikuwa bado kwenye Samaki. Aliyezaliwa Agosti 1 na kujiita Simba miaka yote, pole mwenzangu, kwao wewe ni Kaa.

Tena wao hawalitukuzi Jua kama Wazungu. Ukimwuliza Mhindu nyota yake, mara nyingi atakutajia ile aliyokuwemo Mwezi alipozaliwa. Mwezi hukaa kwenye nyota moja siku mbili na kitu, kisha anahama. Kwa hiyo wewe na pacha wako wa tarehe aliyezaliwa mwaka mwingine mnaweza kuwa watu wawili tofauti kabisa.

WAKUBWA TISA

Wanaotawala mambo ni tisa, wanaitwa graha. Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura na Zohali hao ni saba, na kila mmoja ana siku yake ya wiki. Wawili waliobaki ni Rahu na Ketu, nao hawana mwili. Ni sehemu mbili angani ambapo njia ya Mwezi inakatana na njia ya Jua, pale pale panapotokea kupatwa.

Hadithi yao ni tamu. Miungu walikuwa wanagawana kinywaji cha kutokufa. Jini mmoja akajipenyeza kwenye foleni, akanywa. Jua na Mwezi wakamchongea. Vishnu akamkata kichwa, lakini wapi, tone lilishapita kooni, hafi tena. Kichwa kikawa Rahu, kiwiliwili kikawa Ketu. Tangu hapo kichwa kinawawinda wale wachongezi wawili na kuwameza, ila kwa kuwa hakina tumbo, wanatokea upande wa pili. Ndiyo kupatwa kwa Jua na Mwezi huko.

Halafu kuna nyumba kumi na mbili. Ya kwanza ni wewe mwenyewe na mwili wako. Ya pili mali na familia, ya tatu ndugu na ujasiri, ya nne mama na nyumbani, ya tano watoto na elimu, ya sita maradhi, madeni na maadui. Ya saba ndoa. Ya nane kifo na mambo ya ghafla. Ya tisa baba, dini na bahati, ya kumi kazi, ya kumi na moja faida na marafiki, ya kumi na mbili hasara na safari za mbali.

Nyumba ya kwanza inaanzia kwenye nyota iliyokuwa inachomoza mashariki ulipozaliwa. Hiyo inaitwa lagna, na ndiyo msumari unaoshikilia mchoro mzima. Anga linazunguka lote kwa saa 24, nyota ziko 12, kwa hiyo kila baada ya saa mbili hivi lagna inabadilika. Ukikosea saa, umehamisha nyumba zote.

MWEZI NA WAKE ZAKE 27

Mbali na nyota kumi na mbili, Wahindi wanaigawa anga mara 27, kila kipande kiasi cha safari ya Mwezi ya siku moja. Vipande hivyo huitwa nakshatra. Wanasimulia kwamba ni mabinti wa mzee Daksha, wote wakaolewa na Mwezi. Bwana harusi akampenda mmoja tu, Rohini, wenziwe akawasahau. Wakaenda kushtaki kwa baba. Baba mkwe akamlaani anyauke. Baadaye adhabu ikapunguzwa, akaruhusiwa kunyauka na kunenepa, ndiyo hivi tunavyomwona kila mwezi. Wenye mitara mmesikia.

Mmoja wa hao wake tunamjua hata sisi. Krittika wa Wahindi ndiye Kilimia chetu, kile kikundi cha nyota ambacho wazee wetu walikitazama kujua msimu wa kulima.

Nakshatra ya Mwezi wako ndiyo inayoanzisha saa ya maisha. Wamempangia binadamu miaka 120 na kila mkubwa ana kipindi chake: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17. Jumlisha mwenyewe, inafika 120. Mtu akikuambia "nipo kwenye Zohali," anakuomba usimkope fedha.

POINTI 36 NA MIRIHI MKOROFI

Turudi kwangu. Shosti akaniambia, "Nipe tarehe, mahali na saa mliyozaliwa, nitume kwa mnajimu wa familia yetu Rajkot, Gujarat." Ya mchumba ilikuwa kwenye kadi ya hospitali. Ya kwangu nilimwuliza mama. Mama akajibu bila kufikiri, "Saa mbili asubuhi, baba yako ndiyo kwanza anavaa viatu kwenda kazini." Nikaandika kwenye kikaratasi: saa 2 asubuhi.

Baada ya wiki tatu jibu likaja. Kwanza zilikuja pointi. Wanalinganisha Mwezi wa mke na wa mume kwa vipengele vinane, kuanzia kipengele cha pointi 1 hadi cha pointi 8, jumla 36. Chini ya 18 wazee wanakunja mkeka. Sisi tulipata 24. Nikaruka kwa furaha.

"Subiri," shosti akasema, uso umemshuka. "Una Mangal."

Mangal ni Mirihi, sayari nyekundu, mwenye vita. Akikaa nyumba ya kwanza, ya nne, ya saba, ya nane au ya kumi na mbili (wengine huongeza ya pili), huyo bibi au bwana anaitwa manglik, na inaaminika ndoa yake itakuwa na moto, au mwenzake atapatwa na baya. Wa kwangu alikuwa nyumba ya nane. Mchumba wangu hakuwa nayo. Wangekuwa nayo wote wawili, wanasema zinafutana.

Dawa zipo. Mojawapo ni kuolewa kwanza na mti, mgomba kwa mfano, ili balaa limalizikie huko, kisha ndiyo uolewe na mtu. Nikawafikiria shangazi zangu wa Tanga wamejifunga khanga wanapigia mgomba vigelegele, nikasema hapana. Nikachukua dawa nyepesi, pete ya marijani nyekundu, jiwe la Mirihi, ivaliwe Jumanne. Kila mkubwa ana jiwe lake: lulu ya Mwezi, zumaridi ya Utaridi, almasi ya Zuhura, yakuti ya buluu ya Zohali. Tanzanite yetu haimo katika orodha ya kale, maana iligunduliwa Mererani mwaka 1967 tu, orodha ilishafungwa zamani.

Lakini msomaji, pete haikunituliza. Mnajimu alikuwa ameandika na tabia zangu: nina hasira ya kimyakimya, napenda kusafiri, naamini watu upesi kisha najuta. Kila neno lilinipata. Nikasema, huyu ambaye hajawahi kuniona amenijua hivi, basi na la Mirihi ni kweli. Nilimpenda yule kaka. Nikaona bora nimkose kuliko nimzike.

Nikamwomba asimamishe barua. Akauliza kwa nini. Sikumwambia. Ningesemaje, kwamba sayari imenikataza? Akasubiri mwezi, akasubiri wa pili na wa tatu. Mara ya mwisho alikuja akakaa kibarazani, akanywa chai, akasema, "Kama kuna kosa langu, niambie." Nikatazama pembeni. Akaaga vizuri, hata mlango aliurudishia taratibu.

Baada ya miezi minane nilipokea kadi ya mchango. Ya harusi yake.

KISUTU

Nilichanga, msinicheke. Kisha nikaenda Kisutu, kule kwenye mahekalu ya Wahindu hapa Dar es Salaam, kumtafuta mzee mmoja niliyeelekezwa, nimwulize bahati yangu mimi itakuja lini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti, keti." Kiswahili chake safi kuliko changu. Nikampa ile karatasi ya Rajkot. Akavaa miwani, akaitazama, akanitazama.

"Ulizaliwa usiku wa manane?"

"Hapana mzee, asubuhi. Saa mbili."

"Saa mbili ya nani? Ya kwetu sisi watu wa hapa, au ya Ulaya?"

Moyo ukapiga paa. Kwenye karatasi ya Rajkot iliandikwa wazi, 2 A.M. Shosti wangu, aliyezaliwa na kukulia hapa hapa, alikuwa ametafsiri "saa 2 asubuhi" neno kwa neno, kwa haraka, bila kukumbuka kwamba saa mbili yetu ni nane yao. Yule mnajimu akanichorea anga la saa nane za usiku, mama yangu akiwa bado hajashikwa hata na uchungu.

Mzee akachukua kalamu, akachora upya lile umbo lao la almasi. Makosa ya saa sita ni nyota tatu. Lagna ikasogea nyota tatu, nyumba zote zikahama. Mwezi wenyewe ulikuwa haujatoka kwenye nakshatra yake, kwa hiyo zile pointi 24 zilibaki. Lakini Mirihi alitoka nyumba ya nane akaenda ya tano.

"Ya tano haina neno," mzee akasema. "Binti, wewe huna Mangal. Huyo kijana yuko wapi? Olewa tu."

Sikumjibu. Akaendelea kusoma tabia zangu kwenye mchoro mpya. Nina hasira ya kimyakimya. Napenda watu wanisifu ila sisemi. Nina huruma iliyopitiliza. Na yenyewe, kila neno lilinipata.

Hapo ndipo akili iliponirudi. Mchoro wa uongo ulinielezea sawasawa. Mchoro wa kweli nao ukanielezea sawasawa. Sasa aliyekuwa anajaza mapengo ni nani kama si mimi?

NILICHOJIFUNZA

Baadaye nikaanza kusoma. Nikakuta Wahindi wenyewe wanabishana juu ya jambo hili kuliko sisi. Februari 1962 wanajimu wao walitangaza kiama kwa sababu wakubwa wanane wamekusanyika kwenye nyota ya Makara. Watu wakafanya ibada nchi nzima, siku ikapita, wakaenda kazini. Mwaka 2001 tume yao ya vyuo vikuu ikaruhusu Jyotisha ifundishwe kama somo la digrii, wanasayansi wakapinga mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2004 wakashindwa.

Mwanafizikia wao wa nyota, Jayant Narlikar, akaona maneno hayatoshi. Yeye na wenzake walikusanya saa za kuzaliwa za watoto 200, mia moja wenye akili sana darasani na mia moja wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 walirudisha majibu, kila mmoja alipewa michoro 40 aseme huyu ni yupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa wastani walipatia asilimia 46. Ungerusha shilingi juu ungepata nusu.

Sisemi haya kumdhihaki mtu na imani yake. Yule mzee wa Kisutu hakunidai hata senti, na hesabu zake za anga zilikuwa za kweli tupu. Ukimwuliza Zohali iko wapi usiku huu atakuonyesha kwa kidole. Hata sisi tunao wanaopiga nyota kwa herufi za jina lako na la mama yako. Shosti naye nilishamsamehe, alilia kuliko mimi. Yeye kikaratasi alikosea mara moja. Mimi nilikuwa na miezi mitatu ya kumwuliza yule kaka aliyekaa mbele yangu na kikombe cha chai, nikaamini karatasi iliyotoka Rajkot.

Kwa hiyo ukitaka kuchorewa kundli, chorewa, ni jambo zuri la kujua na hadithi zake tamu. Andika saa kwa namna zote mbili, ya kwetu na ya Ulaya, uweke na "mchana" au "usiku." Na likitoka neno baya juu ya mwenzio, mwambie yeye kwanza kabla hujamwambia sonara.

Ile pete ninayo bado, iko kwenye kopo la vifungo. Mama alipoisikia hadithi yote alisonya. "Mimi nilisema saa mbili asubuhi. Nani aliwatuma muizungushe?"

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.